Mgeni, Siku ya Tatu

Tangu niliporudi kutoka masomoni Marekani, wazazi wengi wa hapa Marangu wameniuliza swali moja: "Tukimruhusu mtoto wetu akaishi kwa watu tusiowajua, atakuwa nani huko? Atakuwa mgeni, mtumishi, au mtoto?" Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa maneno matupu. Basi nitawasimulia siku tatu tu, Ijumaa mpaka Dominika, tarehe 4 hadi 6 Oktoba, 1913 ikiwa imepita miaka mia, yaani 2013. Halafu mtapima wenyewe.

Kwanza mjue nilifikaje huko. Mwaka 2002, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, Bunge la Marekani lilianzisha mpango uitwao YES. Vijana wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, na Wakristo wa nchi hizo pamoja nao, walialikwa kukaa Marekani mwaka mmoja wa shule. Tanzania ilikuwa mojawapo. Nauli na bima ya matibabu zililipwa na mpango. Lakini fikira yenyewe ni ya zamani zaidi. Shirika la AFS lilianza mwaka 1914 kama kundi la madereva wa kujitolea waliobeba majeruhi wa vita huko Ufaransa. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1947, likaanza kupeleka wanafunzi ng'ambo, ili vijana wa mataifa wajuane kabla hawajafundishwa kuchukiana.

Mimi nilipelekwa katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani yote kwa zao hilo. Msidhani ni ya ugali: mengi huliwa na nguruwe na ng'ombe, na mengine hugeuzwa spiriti ya kuchanganywa na petroli. Baba wa nyumba ile alikuwa fundi wa matrekta, na mama alikuwa muuguzi. Kwa kanuni, familia kama hiyo hailipwi mshahara kwa kumpokea mwanafunzi. Wananilisha na kunilaza bure, kwa hiari yao.

Sisi tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kweli, siku ya tatu nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji, yenye zamu za kazi za nyumba. Jina langu lilikuwa limeandikwa pamoja na ya watoto wao. Kuosha vyombo, Jumatatu na Alhamisi. Siku ile nilianza kulala usingizi mzuri.

Sasa nije kwenye siku zile tatu. Jumatano iliyotangulia nilipigiwa simu kwamba bibi yangu, mzaa baba, aliyenilea, amefariki. Maziko yangekuwa Jumamosi saa 8 mchana, kihambani, kati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu. Nauli ya kuja na kurudi ilizidi uwezo wa nyumbani. Baba akaniambia, "Mwanangu, sisi tutamzika. Wewe fanya kilichokupeleka." Nilikuwa na miaka 16.

Ijumaa ilikuwa siku ambayo shule huwakaribisha wote waliosoma pale zamani. Usiku huchezwa mpira wao, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi kuliko kupigwa kwa mguu. Mji mzima huja kutazama. Darasa letu lilikuwa na kibanda cha kuuza mikate yenye soseji na kakao ya moto, na zamu ilikuwa yangu. Mama mwenyeji aliniambia naweza kubaki nyumbani, hapana atakayenilaumu. Nikaona afadhali mikono iwe na kazi. Msichana mmoja wa darasa letu, ambaye hakuwa na zamu, alisimama kando yangu mpaka saa 4 usiku, akimimina kakao. Hakuniuliza neno lolote. Nadhani hakujua la kusema, na hiyo ndiyo iliyonifaa.

Iowa ilikuwa nyuma yetu kwa saa 8. Saa 8 mchana ya Marangu ilikuwa saa 12 asubuhi kwao. Basi Jumamosi niliamka saa 11 alfajiri, nikashuka polepole nisiwaamshe. Kumbe taa ya jikoni inawaka, na baba mwenyeji ameketi mezani, amevaa suti yake ya Dominika na viatu vilivyopigwa rangi. Nikamwuliza anakwenda wapi mapema vile. Akajibu, "Mazikoni."

Mkewe naye akashuka, amevaa vizuri. Binamu yangu akapiga simu, akaishika karibu na kaburi. Nikasikia sauti ya padre, nikasikia akina mama wakiimba, nikasikia udongo ukishuka. Simu ilikatika mara mbili, ikaunganika tena. Wale wawili hawakuelewa hata neno moja la Kiswahili wala la Kichagga, lakini walikaa na mimi muda wote ule, kimya, mikono yao juu ya meza. Watu wakaaga kaburini, na huku kwetu jua likachomoza.

Saa 3 asubuhi vijana wa parokia walipita kwenda kukusanya majani makavu katika nyua za wazee wasiojiweza. Nikachukua reki, nikaenda nao. Jioni nilipika mtori. Ndizi mbichi tulizipata dukani, zilizotoka nchi za mbali, wala hazikuwa na utamu wa zetu. Niliziponda na nyama kama bibi alivyonifundisha. Watoto wa nyumba ile wakaongeza bakuli la pili, na mdogo kabisa akaniuliza jina la bibi, akalikariri mpaka akalitamka sawasawa.

Dominika tulikwenda Misa. Injili ya siku ile ilikuwa ya Luka, juu ya punje ya haradali, na juu ya mtumishi atokaye shambani kulima na bado ana kazi ya kumhudumia bwana wake. Nikakumbuka kwamba saa chache kabla, waumini wa Kilema na wa Marangu walikuwa wamesomewa Injili ile ile, na jamaa zangu wakiwamo. Katika maombi padre alilitaja jina la bibi. Alilikosea kidogo, lakini nililijua.

Baada ya Misa niliombwa niwaeleze wazee habari za kwetu. Niliwaambia juu ya mlima wenye mita 5,895, juu ya mifereji ya maji ya mababu, na kahawa iliyo chini ya migomba. Mzee mmoja mkulima akasimama, akasema kwamba tarehe 4 Oktoba 1979 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifika Iowa, kwa sababu mkulima mmoja wa huko alimwandikia barua kwa mkono wake kumwalika. Misa ikafanyika mashambani, karibu na Des Moines, mbele ya umati mkubwa mno. Nami nikamwambia kwamba mwaka 1990 Baba Mtakatifu huyo huyo alifika Moshi. Mzee akanishika mkono. "Basi," akasema, "tulimpokea mgeni mmoja."

Wazazi, hilo ndilo jibu langu. Mtoto atakayekwenda huko akiwa mgeni wa kuhudumiwa atabaki mgeni mwaka mzima. Akienda anajua kazi, atapata nyumba, na siku ya msiba atapata watu wa kukaa naye. Basi kabla hajaondoka mfundisheni kupika, kufua na kuamka bila kuitwa. Nanyi ulizeni habari zote. Kwa kanuni, watu wazima wa nyumba mwenyeji huchunguzwa kama wana makosa ya jinai, na yuko msimamizi wa karibu anayepaswa kuwasiliana na mwanafunzi kila mwezi. Dai majina yao, na namba zao za simu.

Tena tusisahau upande wetu. Wageni wengi hupita hapa Marangu kwenda mlimani, nasi huwaona kwa mbali na mizigo yao. Akija mmoja kukaa nyumbani kwako, mkaribishe kwa moyo siku mbili. Siku ya tatu mwonyeshe jembe liliko.