Ngazi na Mzigo

Katika vijiji vyetu madarasa mengi na zahanati hujengwa kwa msaragambo, yaani kazi ya kujitolea. Mmoja huleta mchanga, wa pili mawe, wa tatu nguvu za mikono yake tu. Ni desturi njema, wala hatuna neno juu yake. Lakini liko jambo lisilosemwa barazani, nalo ni kwamba mtu aumiaye katika kazi hii mara nyingi hana wa kumlipa. Mfanyakazi wa kampuni huku Tanzania anayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ya kumtetea, na wenzetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2007. Jirani aliyekuja kupaua bila ujira akivunjika mguu, hurudi kitandani kwake, na shamba humngojea.

Wengi hudhani kwamba aangukaye kutoka ngazini ni mwoga au mlevi. Sivyo. Ngazi humwangusha hata aliye hodari, kwa kuwa ubaya wake huwa umekwisha kufanyika kabla hajapanda. Ikisimamishwa wima mno, humpindua kinyumenyume. Ikilazwa mno, mguu wake huteleza, na mtu hushuka pamoja nayo. Kipimo chake ni chepesi: kwa kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke ukutani futi 1. Asiye na kipimo mkononi na asimame wima, ncha za viatu zikigusa mguu wa ngazi, anyoshe mikono mbele sawa na mabega. Viganja vikifika kwenye kidato pasipo yeye kuinama, ngazi imekaa vema. (Sisi walimu twalipenda sana neno hili kidato, ila mtoto akianguka katika kidato cha shule huweza kurudia mwaka.)

Tena, ngazi ya kupandia paani ipite ukingo kama futi 3, mtu apate pa kushika anapovuka, nayo ifungwe kamba juu. Bati lisichukuliwe mkononi na mpandaji. Livutwe kwa kamba, na siku ya upepo liachwe chini kabisa, maana bati ni tanga.

Ngazi zetu nyingi twazifanya wenyewe kwa miti. Mwenzetu mmoja alikuwa akipanda, na kidato cha tano kiling'oka chini ya mguu wake. Hakuwa juu sana, lakini aliangukia matofali, na hata leo jembe hulishika kwa mkono mmoja. Watu walisema ni bahati mbaya. Sisi tulikwenda kuitazama ngazi yenyewe. Vidato vilikuwa vimepigiliwa juu ya miti, pasipo kuchongewa pengo la kukalia. Uzito wote wa mtu ulikuwa juu ya misumari miwili, nayo ilikuwa imeliwa na kutu. Juu yake ilipakwa rangi nzuri ya buluu. Twawasihi mafundi wasiipake rangi ngazi ya mti, kwani rangi huficha ufa na kazi ya mchwa.

Habari ya mizigo ni ngumu zaidi, maana ndani yake mna aibu. Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mfuko wa saruji una kilo 50, umekwisha kukaribia mpaka huo. Na gunia la lumbesa, lipitalo kilo 100, twalitwika mgongo mmoja! Mzigo ulioshikwa mbali kwa mikono iliyonyoka huuelemea uti wa mgongo kuliko mzigo uleule ukikumbatiwa kifuani. Basi mtu achuchumae, auvute karibu, ainuke kwa nguvu za mapaja. Akitaka kugeuka ageuze miguu, asijipinde kiuno.

Mama zetu hawakungoja kufundishwa. Huweka kata kichwani, humwita mwenziwe, husema, "Nitwike," wala hapana achekaye. Lakini mwanamume akisema, "Nisaidie mfuko huu," kicheko hujaa uwanja mzima. Basi kesho yake hunyamaza, akaubeba peke yake.

Kwa boriti ndefu, wachukuzi wawe wa kimo kimoja, na mmoja tu atoe sauti. Neno harambee, ambalo Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 lilifanywa wito wa taifa, lilikuwa kwanza sauti ya wafanya kazi, ili wote wavute pamoja. Atuaye kabla ya sauti humvunja mwenziwe bega.

Kijijini kwetu wazee wamekubali kwamba saruji ichukuliwe na watu wawili kwa machela, na ngazi ikaguliwe kila asubuhi. Ile ya buluu imekatwa kuni. Vijana wachache bado huicheka machela, wala hatujawashinda.