Nyumba yenye haina akiba: desturi ya wazee kwa siku za hatari

Kila mara tukiongea juu ya mila na desturi zetu, watu wanafikiri kwanza ngoma, mahari, matanga na majina ya wafalme. Hayo yote ni mazuri. Lakini iko desturi nyingine yenye hatuichezi mbele ya wageni, wala hatuivalii nguo za sikukuu: namna wazee wetu walivyopanga nyumba ili siku mbaya isiikute tupu. Njo hiyo tunataka kuandika hapa, juu tunaona inapotea, na kupotea kwake kunaua watu.

Siye ni wazaliwa wa Kalehe, upande wa ziwa Kivu, na kazi yetu ni kufundisha jiografia kwenye sekondari mjini Goma. Hakuna sababu ya kueleza msomaji wa hapa maana ya siku mbaya. Volkano Nyiragongo ilishuka tarehe 10 Januari 1977. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi walivuka mpaka kwa wingi usiohesabika, na kipindupindu kikafuata. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudia, jioni, bila tangazo lolote mbele. Tarehe 4 Mei 2023 mito ya Kalehe ilizoa Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mwishoni mwa Januari 2025 vita iliingia Goma, maji na umeme vikakatika, mabanki zikafunga milango. Mtu wa miaka yetu, mwenye amepita kidogo arobaini, amekimbia mara ngapi? Wengine wameacha kuhesabu.

Wazee wetu hawakuwa na redio ya kuwaonya. Lakini walijua njaa, vita, mvua ya mawe na ugonjwa wa ng'ombe. Koko yetu, mama ya baba, alikuwa na neno moja alilolirudia kila msimu: «Nyumba yenye haina chakula ya siku tatu haina mama.» Hakusema kama haina baba, juu kwetu baba alilinda nyumba inje, na mama alilinda ndani.

Chakula yake ya siku mbaya aliigawa pahali patatu: udongo, moshi na jua.

Udongo ni muhogo. Watu wa mjini wanafikiri ghala ni nyumba ndogo yenye miguu. Ghala kubwa ya kwetu ilikuwa shamba lenyewe. Muhogo ukikomaa, unaweza kubaki chini miezi mingi bila kuoza, na mama anang'oa kadiri ya sufuria yake. Mwizi anaweza kubeba gunia, lakini kubeba shamba nzima ni kazi ngumu. Hata watu wakikimbia mwezi mzima, wakirudi wanakuta kitu.

Moshi ni wa mahindi na mbegu. Juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito, nyeusi kwa masizi. Koko alifunga mahindi mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika pale. Moshi unakausha, na wadudu hawaupendi. Mbegu za maharagi alizichanganya na majivu makavu yaliyochungwa vizuri, mpaka kila punje imevaa majivu. Sisi watoto tuliona ni uchafu. Baadaye, kwenye masomo ya ISP, tulielewa sababu: majivu yanajaza nafasi kati ya punje, mdudu hapati njia ya kutembea, na yanakwaruza ngozi yake mpaka anakauka. Mbegu ilikuwa na sheria yake: hailiwi, hata njaa ikiwa kali namna gani. Mwenye kula mbegu alikula mwaka wenye unakuja.

Jua ni la sambaza na mboga. Sambaza si samaki wa zamani kwetu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Lakini mama zetu hawakungoja mtu awafundishe. Walichukua samaki mpya na kumtia katika desturi ya zamani: kuanika, kugeuza, kufunga, kuweka juu. Tunataja jambo hili juu ya wale wanaosema kama mila ni kitu cha kusimama pahali pamoja. Mila ya akiba ilikuwa inapokea kila kitu chenye kinaweza kusaidia.

Methali inasema akiba haiozi. Mama zetu walijua kama inaoza sana ikiachwa! Ndiyo sababu kila wiki walifungua, waligusa, walianika tena, walipika ya zamani na kuweka mpya. Kuweka ni nusu ya kazi. Kugeuza ni nusu ingine.

Hapa tunapenda kusimama kidogo juu ya jambo moja la hatari, kwa sababu watu wanafikiri desturi za jikoni ni mambo ya wanawake tu yasiyo na elimu ndani. Muhogo mchungu unalowekwa majini siku tatu au ine, unamenywa, unaanikwa, njo unatwangwa. Siku hizo hazikuwekwa bure. Ndani ya muhogo mchungu kuna sumu, na maji ndiyo yanaitoa. Katika nchi yetu, upande wa Kwango, zaidi sana Kahemba, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika tangu 1938. Mtoto au mama analala mzima, anaamka na miguu imekakamaa, na haiponi tena. Unakuja wapi? Unakuja pale watu wanakula muhogo mchungu kila siku bila maharagi wala samaki, na juu ya njaa, vita ao haraka ya kuuza, wanapunguza siku za kulowesha. Ona basi: siku ya hatari inasukuma mtu akate desturi, na desturi ikikatwa inaleta hatari ya pili. Njo maana akiba inahitajika mbele. Mwenye kuwa na unga wa siku tatu ndani anaweza kungoja muhogo wake utoke sumu. Mwenye hana kitu hangoji.

Sasa tutazame nyumba zetu za mjini. Tunanunua unga kwa kipimo cha Guigoz, mafuta kwa chupa ndogo, makala kwa mfuko wa siku moja. Hatulaumu mtu. Mshahara wa mwalimu tunaujua, na chumba kimoja cha kupanga hakina dari ya moshi. Lakini ile Januari 2025 ilituonyesha wazi: siku ya kwanza soko halikufunguliwa, siku ya pili watoto wakaanza kuuliza, siku ya tatu watu walitoka wakati risasi bado zinalia, kwa kutafuta unga na maji. Haikuwa ujinga wala ujasiri. Sufuria ilikuwa imekauka.

Namna gani maskini ataweka akiba? Mama mmoja jirani yetu anafuata desturi ya kijijini kwao. Kila mara anapopima maharagi ya kupika, anarudisha mkono mmoja katika bidoni kavu yenye mfuniko. Tufanye hesabu kama tunavyofanya darasani: mkono mmoja ni kama gramu 50, kwa siku 60 ni kilo 3. Familia haioni kama imepungukiwa, na bidoni inajaa polepole. Ikijaa mpaka mdomo na kufungwa vizuri, wadudu ndani wanakosa hewa na kufa. Ni kazi ileile ya majivu ya Koko, kwa chombo cha leo.

Maji ni shida kubwa zaidi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na haina mto. Bomba likinyamaza, watu wote wanashuka ziwani. Wataalamu wa misaada wanahesabu lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na kunawa. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, ni kusema bidoni ine na nusu za lita 20. Ni nani kati yetu analala na bidoni tano zimejaa? Kijijini mtungi haukulala mtupu. Kutuma mtoto kisimani usiku kulikuwa aibu kwa nyumba. Aibu hiyo ingefaa irudi. Maji ya ziwa yachemshwe ao yatiwe dawa. Na kila nyumba ijue kwa moyo dawa ya kwanza ya kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anyweshwe njiani akipelekwa hospitali, asingoje kufika.

Iko akiba ingine yenye haikai jikoni. Zamani mtoto wa miaka mitano alijua kusema jina lake, la baba, la babu, la ukoo wa mama na la kilima chao. Jioni wazee walimuuliza kama mchezo: «Weye ni mwana wa nani? Na yeye ni mwana wa nani?» Tulifikiri ni majivuno ya ukoo tu. Lakini mwezi wa Mei 2021, wakati watu walikimbia usiku kuelekea Sake na Gisenyi, na tena tarehe 27, wakati sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, watoto wengi walipotezana na wazazi. Kati ya wadogo, wengine waliulizwa jina la mama, wakajibu: «Mama.» Jina la baba: «Papa.» Mtoto anayejua majina matatu na kilima kimoja anarudishwa upesi. Tangu hapo, darasani kwetu, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapewa kazi ya kuwafundisha wadogo zake majina hayo, pamoja na namba moja ya simu na pahali pamoja pa kukutania wakipotezana. Wazazi wengine walicheka mwanzoni. Sasa wanauliza wenyewe kama somo limefanyika.

Wazee walikuwa pia na akiba ya macho. Kwetu hawakujenga mdomoni mwa mto. Walikaa juu ya mgongo wa kilima, na chini waliacha shamba na malisho. Masoko na barabara ndiyo yalitushusha chini, na ile tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Kando ya Goma wenyeji waliita mazuku ule upepo mubaya wenye unakaa katika mashimo na mabonde madogo, na walikataza watoto na mbuzi kushuka pale asubuhi mapema. Leo wataalamu wa volkano wanatumia neno hilohilo, mazuku. Ni gesi nzito kuliko hewa, haionekani, inajikusanya chini wakati upepo umetulia. Walioandika katazo hilo katika vichwa vya watoto hawakujua kemia, lakini waliokoa watu. Mwenye kufika mgeni na kusimamisha hema yake shimoni hana mtu wa kumwambia, kama wenyeji wenyewe wamesahau.

Wasomaji wengine watatuuliza: kuna faida gani kuweka chakula, kama watu wenye silaha watakuja kuikamata? Swali hilo si la mchezo. Tumeona nyumba zimefagiliwa mpaka mafiga. Tunajibu kama wazee walivyojibu kwa matendo yao. Hawakuweka vyote chini ya paa moja. Mbuzi mmoja aliachwa kwa rafiki wa kilima kingine, naye alipata mtoto wa mbuzi kama malipo ya kuchunga. Mbegu kidogo ziliwekwa kwa shangazi. Mgonjwa alibebwa kwa kipoyi na vijana wa kijiji, zamu kwa zamu, juu kila nyumba ilijua kama kesho ni yake. Leo mama zetu wanaendelea kwa likelemba. Tungependa kila likelemba iweke pembeni sehemu ndogo isiyogawanywa, kwa ajili ya siku ya kukimbia. Na yenye iko katika kichwa na mikono, kama kujua kulowesha, kuanika, kuchemsha na kutaja majina, hakuna bunduki inaweza kuichukua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa chama chetu na kwa walimu wenzetu. Kwanza, wazee wenye wangali hai waulizwe namna walivyoweka chakula, kila kabila kwa namna yake, na majibu yaandikwe mbele hawajatuacha. Pili, shule zifundishe rangi za onyo la volkano, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, pamoja na desturi za mazuku na za mito, katika somo moja. Tatu, kila msomaji akimaliza ukurasa huu aingie jikoni kwake na kuhesabu: siku ngapi za unga, bidoni ngapi za maji, na mtoto mdogo anajua majina mangapi. Kama hesabu ni sifuri, aanze leo jioni, kwa mkono mmoja wa maharagi.