Mutalala kwa Nani? Muhula Mmoja Dakar



Siku tulipoleta nyumbani habari kwamba tumeteuliwa kwenda kusoma muhula mmoja Dakar, nchini Senegali, kila mtu alikuwa na swali lake. Baba zetu waliuliza gharama. Mama zetu waliuliza chakula. Kaka zetu waliuliza iwapo Kifaransa chetu cha vitabuni kitafua dafu mbele ya watu wanaokisoma tangu utotoni. Bibi yetu, ambaye hajapata kusafiri kupita Nairobi, aliuliza jambo moja tu: "Mutalala kwa nani?"

Sisi ni wawili, watoto wa mtu na dada yake, tuliolelewa nyumba moja katika Mji wa Kale, Mombasa. Wakati ule swali la Bibi tuliliona la kizamani. Tulikuwa tumekwisha kusoma habari za Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, kwamba kilianzishwa mwaka 1957 na kupewa jina la mwanachuoni huyo wa Senegali mwaka 1987, tukadhani hayo ndiyo ya kujua. Leo tunaandika kukiri kwamba swali la Bibi lilikuwa kubwa kuliko yetu yote.

Wazee hawakuturuhusu mpaka ilipopatikana familia ya Kiislamu ya kutupokea. Mjomba alitusindikiza, akakaa siku chache, akaswali na mwenye nyumba na kula naye, ndipo aliporudi akiwa ameridhika.

Dakar imejengwa juu ya rasi ya Cap-Vert, sehemu ya bara la Afrika iliyo magharibi kuliko zote. Sisi tuliozoea kuliona jua likichomoza baharini, huko tulilitazama likizama baharini. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mama zetu wakitupigia simu baada ya Isha, sisi ndiyo kwanza tunajiandaa kwa Alasiri.

Mshangao wa kwanza ulikuwa wa lugha. Tulikwenda kutafuta Kifaransa, tukakuta kwamba Kifaransa ni cha darasani na ofisini. Sokoni, garini na jikoni watu husema Kiwolofu. Mama mwenye nyumba, tuliyemwita Yaay, yaani mama, alijua maneno machache tu ya Kifaransa. Hata hivyo hatukukwama. Alhamisi yetu wao huiita Alxames, na Ijumaa huiita Àjjuma. Chakula kikiwa tayari, mwito wake ulikuwa "Bismillah", nasi hatukuhitaji mkalimani.

Chakula chenyewe mara nyingi kilikuwa ceebu jën, wali wa samaki na mboga, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Huliwa katika chombo kimoja kikubwa kama sinia letu la harusini. Kila mtu hula upande ulio mbele yake, na samaki na mboga huwekwa katikati. Yaay alikuwa akimmega samaki na kutusogezea, mpaka tukawa tunaona haya. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Yaay alitupa kisu na kapu la vitunguu. Bibi aliposikia habari hiyo kwa simu alicheka sana, akasema, "Basi mumefika."

Chuoni mambo hayakuwa mepesi. Mhadhiri husema mfululizo na wanafunzi huandika, na sisi tulikuwa bado tunatafuta maana ya sentensi ya kwanza yeye akiwa katika ya tano. Alama hutolewa kwa ishirini, na kumi ndiyo ya kufaulu. Insha ya kwanza ya mmoja wetu ilirudi na saba. Pembeni mwalimu alikuwa ameuliza kwa wino mwekundu: mpango wa insha uko wapi?

Usiku ule mwenye saba hakula. Alifungua sanduku akaanza kukunja nguo, akasema atamwomba baba yake tikiti ya kurudi. Mwenziwe hakuwa na la kumwambia, kwani yeye mwenyewe alikuwa amepata nane.

Yaay hakuuliza kitu. Alimwita binti yake mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, akateleka birika ndogo juu ya makaa. Chai yao ya kijani, ataaya, hunywewa kwa mikupuo mitatu. Wa kwanza ni mchungu na wa mwisho ndio mtamu. Kati ya mkupuo wa kwanza na wa tatu dada yule alitufunza jambo ambalo hatukuwa tumefunzwa. Insha ya Kifaransa haianzi kwa jibu. Huanza kwa kulijenga swali, kisha hutoa hoja, kisha pingamizi la hoja hiyo, ndipo hutafuta upatanisho. Tulikuwa tukiandika tuliyoyajua; wao walitaka kuona njia tuliyopitia kuyafikia. Sanduku lilirudi chini ya kitanda.

Insha ya mwisho ilipata kumi na mbili. Tuliposema nyumbani, baba mmoja aliguna: "Kumi na mbili tu?" Tukamweleza kwamba huko kumi na sita ni alama ya mtu hodari sana, na kumi na mbili huandikiwa kwamba ni vizuri kiasi. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kiasi hicho.

Lipo pia la alfajiri ya kwanza. Mwenye nyumba alituswalisha. Tulisubiri kusikia Bismillahi, yeye akaanzia Alhamdu. Mikono yake ilikuwa imeachwa ubavuni. Baada ya salamu aliona tunatazamana, akatabasamu: "Malik." Tukajibu, "Shafi." Akacheka. Tofauti za madhehebu tulizozisoma madrasa tukiwa wadogo, hapo tulizikuta safuni, na hazikutuzuia kuitikia Amina pamoja.

Mzee huyo alikuwa na kijitabu cha Wolofal, yaani Kiwolofu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bibi yetu naye huandika Kiswahili kwa herufi hizo mpaka leo. Tulimpelekea picha ya ukurasa mmoja. Akausoma kwa sauti, polepole, bila kufahamu maana, mpaka alipofika mahali akasita: "Ajjuma. Hii si Ijumaa yetu?"

Hatusemi haya kwa kujisifu. Muhula ule alikuwako mwanafunzi mgeni kutoka nchi nyingine, aliyepanga chumba peke yake. Darasani alitupita, na Kifaransa chake kilikuwa bora kuliko chetu. Kabla ya mitihani alirudi kwao. Masomo hayakumshinda, alishindwa na jioni za kula peke yake. Nasi tungekuwa na sanduku lililokwisha kufungwa na hakuna wa kututelekea chai, tungalirudi vilevile.

Kwa hiyo, wazazi wetu wapenzi, binti akija na barua ya kwenda kusoma ugenini, msikimbilie kumkataza wala kumkubalia. Ulizeni kama chuo chake kimekubali kwa maandishi kuzihesabu alama atakazopata huko. Mtafutieni mazoezi ya kuandika insha, si ya kuamkiana tu. Lakini kwanza ulizeni alilouliza Bibi, na mkipewa jina la nyumba, zungumzeni na mama wa nyumba hiyo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio safarini, na awalipe kheri wote wanaowafungulia milango. Amina.