Waliuliza Ukoo Kwanza

Jumapili, 4 Agosti 2024. Silibwet

Kikao cha nyumbani kwa kaka kimevunjika jioni bila neno la mwisho. Mpwa wangu amepata mchumba, muuguzi katika zahanati moja upande wa Kericho, na wazee waliitwa ili wapange siku ya koito, mazungumzo ya posa na mahari. Hawakuuliza jina la msichana wala tabia yake. Waliuliza ukoo. Kijana akajibu bila kuficha: Talai, kwao Kapkugerwet.

Chai ikapoa vikombeni. Mzee mmoja akachukua kofia yake, akasema ana safari ndefu, nasi sote tunajua anakaa ng'ambo ya mto hapo tu. Mwingine akasema ukiwaudhi watu hao huponi. Kaka ndiye aliyenichosha zaidi: "Mimi sina ubaya nao, lakini watu watasema nini?" Watu gani, ikiwa waliokuwa wakisema ni sisi tuliokaa pale? Katika chumba kile hakuna aliyewahi kumwona msichana huyo ila mpwa wangu.

Jumanne, 6 Agosti. Litein

Baridi kali. Chai inatoka kidogo msimu huu, nimepata nafasi ya kuandika.

Katika miaka yangu ya ualimu, kila mtoto darasani alimjua Koitalel arap Samoei. Aliongoza Wanandi kuwapinga Waingereza na reli yao, akapigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa mpaka 1964, bendera ya Kenya ikiwa imekwisha kupandishwa. Wote wawili ni Watalai. Mzee yule wa kofia husimama akapiga makofi majina hayo yanapotajwa Siku ya Mashujaa, kisha akisikia mjukuu wa ukoo huo anataka kuingia boma la jirani, anakumbuka ana safari.

Kwetu Kipsigis hukumu iliandikwa kabisa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Watalai, ikawahamisha mamia, wazee kwa watoto wachanga, mpaka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Sheria hiyo haikuuliza nani ameiba ng'ombe au nani amechochea watu. Kuzaliwa Mtalai kulitosha kuwa kosa. Walipoanza kuruhusiwa kurudi, uhuru ukikaribia, ardhi ilikuwa na wenyewe, na sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa mashamba ya chai ya kampuni. Wengi wamebaki maskwota mjini Kericho hadi leo.

Sisemi wazee wetu wanaota. Orgoiyot, kiongozi wa kiroho wa Watalai, alikuwa na nguvu kweli. Alipelekewa ng'ombe, aliruhusu vita na kuvizuia, na wapo walioitumia nafasi hiyo vibaya. Babu yetu alimwogopa mtu aliyemjua. Kaka anaogopa jina.

Jumamosi, 10 Agosti. Kericho

Nimemwona msichana. Mpwa wangu alitaka twende hotelini, yeye akakataa, akiniita senge, yaani shangazi: "Senge, twende tukale kwa Kalasinga, pale hakuna bili." Basi tukavua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi chini katika gurudwara, hekalu la Masingasinga, pamoja na madereva wa malori na wanafunzi, tukapakuliwa dengu na chapati. Hakuna aliyetuuliza dini wala kwetu ni wapi. Baba Puran Singh aliishi katika mji huu kabla ya kuhamia Birmingham, na Masingasinga wa huko Uingereza bado wanamwita Kerichowale. Ajabu kwamba sisi wenyeji ndio hatujifunzi kitu kwa jirani huyu. Tunapita nje ya ukuta wake tukisema Wahindi ni wachoyo.

Msichana huyu hacheki ovyo. Dengu hazijaisha akanitazama usoni: "Senge, kwenu nani anakunywa?"

Mpwa wangu akainamia sahani. Nikamwambia ukweli: baba mkwe wako mtarajiwa, hasa mwezi wa bonasi. Akaitikia kwa kichwa kama anayejaza fomu ya mgonjwa. Akauliza kama shamba lina kesi. Akasema bibi yake alizaliwa Gwassi, na kwao pia wanafanya kikao, maana hawatujui. Kisha: "Mtoto akiugua pale bomani, nitalaumiwa mimi?"

Ningeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamjibu wengine watamlaumu.

"Basi angalau nimeambiwa," akasema, akaenda kuongeza chapati.

Jumatatu, 12 Agosti. Litein

Mvua ya mawe jana alasiri. Leo katika kituo cha kununulia chai karani alimwaga kikapu changu mezani, akapekua, akatoa majani yaliyochanika, akapima yaliyobaki. Hata jani lililopigwa na mawe hupewa nafasi ya kutazamwa.

Jirani anasema mawe yameletwa na habari za ndoa hiyo. Kericho hupigwa mawe kila mwaka, tena hata miaka ambayo hatukuwa na mchumba wa kumsingizia.

Jumapili, 18 Agosti. Silibwet

Kikao cha pili. Mzee wa kofia hakuja. Safari yake haijaisha.

Niliwasomea wazee maswali ya msichana kama nilivyoyasikia. Lile la pombe lilimchukiza kaka, akataka kuinuka, shemeji akacheka kwa sauti kubwa mpaka naye akashindwa kukasirika. Nikawakumbusha kwamba mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai waliishtaki Uingereza pamoja katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa ajili ya ardhi na kufukuzwa. Mbele ya Mzungu ni watu wamoja, mbele ya koito ni watu wa kuogopwa? Mmoja akasema kesi ni kesi na damu ni damu. Nikamwomba ataje Mtalai mmoja aliyemdhuru yeye, kwa jina. Akaomba chai.

Hawakukubali wote, na sitaandika kwamba walikubali. Lakini kaka ameamua, na boma ni lake. Wazee watakwenda Kapkugerwet Jumamosi tarehe 31, nami pamoja nao. Kaka ameahidi kutokunywa siku hiyo. Upande wa pili wamekwisha kutuma ujumbe kwamba watatupokea, ila swali lao la kwanza litakuwa kwa nini tumechelewa.