Nilimtuhumu Dada wa Kazi, Kumbe Mchawi ni Ruta

Wadau, leo naomba nitoe la moyoni, maana wiki ya pili sasa limenikaa kooni.

Mwezi juzi mimi na mzee wa nyumba tulivuta faiba, kifurushi cha Mbps 200. Mimi nafanyia kazi nyumbani, watoto na katuni zao, yeye na mpira wake. Mafundi wakafunga kiboksi chao ukutani, ruta tukaambiwa tujitafutie. Nikashuka Kariakoo, nikapata ya elfu 45, antena nne, na kwenye boksi imeandikwa 1200 kwa herufi kubwa. Nikajisemea, 200 si inapita humo mara sita!

Wee! Sebuleni nikipima napata 94, haivuki. Chumbani 20. Mpira ukikwama mzee ananuna. Huduma kwa wateja niliwapigia mpaka sauti yangu wakaizoea, nao wimbo ni mmoja: kwao kila kitu kiko sawa.

Basi shetani akanipitia. Jioni moja nikamkuta dada wa kazi getini anacheka na mlinzi wa jirani, simu mkononi. Nikajua tayari, huyu kasoma pasiwedi iliyobandikwa chini ya ruta, kaigawa mtaa mzima. Nikamsema vibaya, tena mbele ya watoto. Nikamwambia akirudia anarudi kwao. Akajibu tu, "Sawa mama," akaendelea kuosha vyombo.

Jumamosi nikaita fundi, kijana mdogo tu. Akachomeka laptop moja kwa moja kwenye kiboksi cha faiba: 190 na ushee! Akageuza ruta, akanionyesha boksi lake. Kwa maandishi ya sisimizi: 10/100.

"Mama, mlango wa kuingizia mtandao humu mwisho wake 100. Ukitoa za njiani unabaki na 94 hivi. Wangekuwa wanakuibia ingepanda na kushuka. Hii imeganda kama basi lenye kidhibiti mwendo."

Na ile 1200? Kumbe wamejumlisha 300 za masafa ya 2.4 na 867 za masafa ya 5, wakazungusha hesabu. Ni spidi ya hewani, ya kwenye karatasi, haihusiani na kinachopita kwenye waya. Kule chumbani simu ilikuwa imeshika 2.4, na ruta nimeificha nyuma ya TV kama sina akili.

Akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Saba, vyote vyetu. Simu ya dada haikuwemo. Nikamuuliza, akasema kwa upole yeye hununua bando lake kila siku, sababu hakuna aliyewahi kumwambia atumie ya nyumbani. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Ruta ya pili nilienda dukani na fundi. Hakuangalia antena. Aliangalia matundu yote yameandikwa 10/100/1000, likiwemo la kuingizia, akauliza na prosesa, maana anasema nyingine tundu ni kubwa ila ubongo mdogo, ukiwasha tu udhibiti wa watoto spidi inaporomoka. Elfu 130. Iliuma, sitawadanganya.

Tumefika nyumbani, 94 tena! Nikataka kulia. Kumbe nimetumia kebo ya ile ruta ya zamani, ndani ina nyaya nne, na spidi kubwa inataka zote nane. Tulipobadilisha, sebuleni 185, chumbani 80. Ruta sasa iko juu ya kabati la koridoni, inaonekana mbaya na siiondoi.

Kumwomba msamaha binti wa watu ilinichukua siku mbili zaidi kuliko kuitengeneza ruta. Nikamwita tena mbele ya watoto, palepale nilipomsemea. Akainama, akasema yameisha. Pasiwedi mpya nikamwambia aiweke yeye. Mzee mpaka leo akitaka kuunganisha simu mpya lazima aende jikoni kuomba.