Kituo cha Dudley: Ahadi ni Deni

Mamangu alikulia Nairobi, kwa hiyo ukimtajia neno Nubian yeye hufikiria Wanubi wa Kibra na reli inayokatiza mtaa wao. Hapa Boston hilo ni jina la mahali tunapopandia basi, Nubian Square, mtaani Roxbury. Hapa pia palikuwa na reli, tena ilipita juu, hewani. Ilibomolewa kabla sijazaliwa. Nimeijua kwa kusoma na kwa kuwauliza wazee wa mtaa.

Kituo kiliitwa Dudley. Kilifunguliwa tarehe 10 Juni 1901, kikiwa kituo cha mwisho upande wa kusini wa reli ya juu ya Boston. Reli hiyo ilikaa juu ya nguzo za chuma, ikifuata barabara ya Washington kuelekea katikati ya jiji. Aliyechora jengo la kituo ni Alexander Wadsworth Longfellow Jr., mtoto wa ndugu yake mshairi Henry Wadsworth Longfellow. Mimi kilichonivutia zaidi ni tramu. Zilipanda mteremko kutoka barabarani hadi juu, zikazunguka kando ya jukwaa la treni, na abiria akahama kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kupanda ngazi. Mwaka 1909 reli iliongezwa hadi Forest Hills, na Dudley ikawa njia panda ya watu wa kila aina.

Msidhani kila mtu aliipenda. Jirani yetu mmoja, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa hapa hapa, aliniambia kwamba treni ikipita ilibidi mnyamaze kwanza, ndipo mwendelee na mazungumzo. Chini ya nguzo barabara ilikuwa na giza mchana kweupe. Nilimuuliza kama alifurahi ilipobomolewa. Akacheka, akasema, "Nilifurahi siku ile. Kesho yake nikasubiri basi."

Kilichoiondoa reli ni habari ndefu. Katika miaka ya 1960 serikali ilipanga kupitisha barabara kuu ya I-95 katikati ya Roxbury na Jamaica Plain, na nyumba nyingi zikabomolewa ili kuipisha. Wakazi wakapinga. Mwaka 1970 Gavana Francis Sargent akasimamisha ujenzi wa barabara hizo, na mwaka 1972 mpango wa barabara hii ukafutwa. Ardhi iliyokuwa tupu ikapewa reli mpya ya Orange Line. Treni ya mwisho ya juu ilipita tarehe 30 Aprili 1987, na reli mpya ikafunguliwa tarehe 4 Mei. Nguzo za zamani zikang'olewa.

Lakini reli mpya ilipita mbali kidogo upande wa magharibi, si barabara ya Washington. Watu wa Dudley waliahidiwa usafiri mwingine ulio sawa na ule wa kwanza au bora kuuliko. Wakangoja. Mamangu alipofika Boston mwaka 2001 alikuta basi namba 49. Mwaka 2002, miaka 15 baada ya treni kuondoka, ikaja Silver Line, ambayo pia ni basi, ingawa imechorwa kwenye ramani pamoja na treni. Nyumbani tunaiita Laini ya Fedha. Babangu husema fedha iko kwenye jina tu, maana iliyotosha kununulia treni haikuonekana.

Tunacheka, lakini jambo lenyewe ni zito. Kwa mtu anayefanya kazi za zamu mbili, kama mamangu, dakika 20 njiani si hesabu ya kwenye karatasi. Ni usingizi wake, na ni chakula cha jioni atakachokula pamoja na watoto au peke yake. Waliopinga barabara kuu walishinda kwa haki, nami nawashukuru, kwani bila wao huenda mtaa wetu usingekuwepo. Lakini malipo ya ushindi ule hayakugawanywa sawa. Mitaa ya upande wa reli mpya ilipata treni na bustani ndefu juu na kando yake. Dudley ilipata mwanga wa jua na foleni ya basi.

Mwaka 2019 wakazi walidai jina libadilishwe. Thomas Dudley alikuwa gavana wa koloni la Massachusetts katika karne ya 17, na waliodai walikumbusha kwamba viongozi wa zama zake waliruhusu utumwa kisheria. Jina jipya lilitokana na Nubian Notion, duka la familia ya Weusi lililojulikana sana hapo. Kura ya ushauri ya jiji zima ilikataa, lakini walioishi karibu na uwanja walikubali, na hatimaye sauti yao ikafuatwa. Kituo cha mabasi nacho kikabadilishwa jina mwaka 2020.

Wengine waliuliza jina lina faida gani wakati basi ni lile lile. Mimi naona watu waliodai jina wakalipata wanajua pia kudai lililobaki. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni halifi kwa sababu nguzo zimeng'olewa. Mkija Nubian, tazameni jengo la kituo cha mabasi: sehemu yake ni ya kituo kile kile cha 1901, iliyoteremshwa kutoka juu. Kisha muulizeni mzee yeyote aliyeketi hapo. Atawasimulia, na basi litachelewa vya kutosha amalize.