Pora au Mtetea?

Twataka kuwasimulia kosa letu dogo, ambalo jirani yetu alilibeba kwa miezi mitano bila kusema neno. Tumeona yafaa aibu yetu iwe faida kwa wengine.

Hapa Bariadi, kama katika mkoa wote wa Simiyu, fedha ya nyumba nyingi hutoka katika pamba, nayo huja mara moja tu kwa mwaka. Siku zilizosalia kuku ndiye mwokozi: mayai hununua chumvi, na jogoo hununua daftari za mtoto. Basi mjane mmoja, ambaye kuku wake walikufa wote kwa mdondo, alituomba mitetea wawili apate kuanza tena. Tulikuwa na vifaranga wa majuma 6. Tukawatazama upesi, tukachagua wawili wenye upanga mdogo kuliko wenzao, tukawatia katika tenga, tukampelekea. Tulisema, "Mama, hawa ni mitetea. Uwatunze, watakutagia." Naye akapokea kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Kila tulipopita kwake alijibu, "Wanakua, Mwalimu." Hakuongeza neno. Hata alfajiri moja, tulipokuwa tukienda shambani, tukasikia nyuma ya nyumba yake sauti mbili za kukwaruza, moja ikiipokea nyingine. Walikuwa pora wawili wakijifunza kuwika. Tukasimama njiani kama watu waliomwagiwa maji.

Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alijibu, "Niliona mapema, Mwalimu. Lakini wewe ulisema ni mitetea, nikadhani macho yangu ndiyo mabaya." Maneno hayo yalituchoma kuliko kama angalitulaumu. Tukamwomba radhi, kisha tukamwomba jambo la pili, kwamba atufundishe. Akakaa kitini, nasi tukakaa mkekani.

Kwanza alitwambia kwamba upanga husema kweli kwa kuku wengi, si kwa wote. Tangu majuma 6 hadi 8 upanga wa pora huanza kupanuka na kuwa mwekundu, na ndevu zake huchomoza. Wa mtetea hubaki mdogo na kupauka mpaka akaribie kutaga. Lakini wale wetu walikuwa na damu ya kuchi, na jogoo wa kuchi hata akizeeka upanga wake ni mfupi, umelala kichwani. Hapo ndipo tulipopotea.

Pili, yatupasa kungoja manyoya. Afikapo miezi 3 au 4, pora huota shingoni na kiunoni, karibu na mkia, manyoya marefu, membamba, yenye ncha na kung'aa. Ya mtetea yana ncha za mviringo. Kwa kuku wa kishingo, ambaye shingo yake ni tupu, tutazame kiunoni. Tena miguu ya pora huwa minene, naye husimama wima. Kikwaru hakifai kutumainiwa, maana huchelewa kwa pora, na mitetea wazee wengine huota nacho.

Sisi nasi tulimwongezea machache tuliyoyasoma. Wako wasemao kwamba yai lenye ncha hutoa jogoo, na la mviringo hutoa mtetea. Si kweli. Kwa ndege mbegu ya mama ndiyo ikatayo shauri, na umbo la ganda halionyeshi neno. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Japani, Masui na Hashimoto, walionyesha namna ya kumjua kifaranga wa siku moja kwa kutazama ndani ya tundu lake la nyuma. Kazi hiyo hutaka mafunzo marefu, na mkono usioizoea humwumiza kifaranga. Mama yule akacheka, akasema, "Basi sisi na tungoje manyoya."

Siku ile ile tuliwachukua wale pora, tukamletea tembe wawili waliokaribia kutaga, waliochaguliwa na yeye mwenyewe katika banda letu. Mmoja ametaga mayai 12, akayalalia siku 21, akaangua 9. Juzi mwanawe alikuja kutuita: "Mama asema njoo, Mwalimu, uwatazame vifaranga." Tulikwenda. Akatuuliza, huku akitabasamu, ni wangapi mitetea. Tukajibu, "Mama, hatujui bado. Wewe utatwambia."

Nanyi wenzetu mnaoitwa walimu, mkisema neno nyumbani kwa mtu, mngoje kidogo, kisha mwulize yeye aona nini.